Wiki ya Mwisho ya Julai, Nicodemus

Ikikaribia mwisho wa Julai, wenzangu wa kanisani hapa Wichita, Marekani, huanza kunitania: bado unakwenda kule jangwani? Si jangwa. Ni nyika ya kaskazini magharibi mwa Kansas, iliyolimwa ngano na mtama mpaka macho yachoke, na mahali ninapokwenda panaitwa Nicodemus, kijiji kilichoanzishwa na watu weusi waliotoka utumwani. Hakuna hoteli. Wakazi wa kudumu ukiwakusanya wote hawajazi Coaster moja. Lakini wikiendi ya mwisho ya Julai, wakati wa sikukuu yao, unaegesha gari mbali na kutembea kwa miguu, maana watu wamekuja kutoka Denver, Topeka, Kansas City, wengine California, na kila kivuli kina mwenyewe.

Nimeshakwenda mara za kutosha kupewa kazi jikoni, na kwa mtu wa pwani hiyo si heshima ndogo.

Aliyenipeleka mwanzoni ni mama mmoja tuliyekuwa tukifanya naye zamu za usiku katika nyumba ya kulelea wazee. Mmarekani mweusi, amekulia Denver, hajawahi kuishi Nicodemus hata mwezi mmoja. Ukimuuliza kwao ni wapi hataji Denver. Sisi Watanzania jambo hili halitupi shida, tumewaona Wachaga na Desemba yao: mtu amezaliwa Sinza, amesomea Mwanza, na bado tarehe ishirini na kitu lazima awe kwenye foleni ya magari kuelekea Moshi. Aliponiambia "mwaka huu twende kwetu", sikuuliza maswali mengi. Niliuliza tu nibebe nini.

Njia yenyewe ni ndefu na imenyooka. Unapanda kaskazini hadi Salina, unashika barabara kuu ya I-70 kwenda magharibi, Hays unaiacha na kupanda tena kaskazini mpaka Stockton, halafu magharibi kwa barabara namba 24. Ukishakaribia Russell, angalia nguzo za uzio mashambani. Ni za mawe. Walowezi wa huko hawakukuta miti ya kukata, wakakuta chini ya udongo tabaka la mawe ya chokaa ambalo likichimbuliwa huwa laini kiasi cha kupasuliwa kwa nyundo na vyuma, kisha likishapigwa na hewa linakuwa gumu. Wakachonga nguzo. Zipo mpaka leo, zimesimama shamba kwa shamba. Kwa anayetaka kujua watu wa nyika wana sanaa gani, ningemwonyesha zile nguzo kabla ya kumpeleka makumbusho yoyote.

Nicodemus yenyewe unaiona ghafla: majengo machache kando ya barabara, mnara wa maji, basi. Ukumbi wa kata ni wa mawe hayohayo ya chokaa, ulijengwa mwaka 1939 katika mpango wa serikali wa kuwapa watu ajira wakati uchumi umeanguka. Humo ndimo Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani imeweka maonyesho yake, kwa sababu tangu Novemba 1996 kijiji hiki ni eneo la kihistoria la taifa. Majengo matano yanahesabika: ukumbi huo, kanisa la AME (Wamethodisti weusi wa Marekani) la mwaka 1885, kanisa la zamani la Wabaptisti la 1907, shule ya 1918, na nyumba iliyowahi kuwa hoteli ya St. Francis, ya Zachary Fletcher na mkewe Jenny, mwalimu wa kwanza wa kijiji.

Historia yao nimeisikia ikisimuliwa na watu wengi, kila mmoja akianzia kwa babu yake, lakini mifupa yake ni hii. Mwaka 1877 majeshi ya serikali ya Marekani yaliondolewa majimbo ya Kusini, na watu weusi waliokuwa wameachiwa huru miaka kumi na kitu nyuma wakabaki mikononi mwa waliokuwa mabwana zao. Mwaka huohuo kampuni moja ya ardhi, ambamo mchungaji mweusi W. H. Smith alishirikiana na dalali mzungu W. R. Hill, ikasambaza vipeperushi vilivyoandikwa kwa ajili ya raia weusi wa Marekani, ikiwaita Kansas. Sheria ya 1862 ilimruhusu mtu kupata ekari 160 za ardhi ya serikali akiishi juu yake na kuilima kwa miaka mitano. Septemba 1877 kundi kubwa la kwanza, watu 308, likatoka maeneo ya Georgetown, Kentucky. Treni iliwashusha Ellis. Kutoka hapo ni kama kilomita 50, kwa miguu na mikokoteni.

Walichokikuta hakikuwemo kwenye vipeperushi. Willianna Hickman, aliyefika na mumewe mchungaji mwaka 1878 baada ya kundi lao kukwama Ellis na kuzika watoto waliouawa na surua, alisimulia uzeeni kwamba walipokaribia, wanaume walianza kushangilia kwamba Nicodemus ile pale. Yeye akatazama na asione kitu. Akauliza iko wapi. Mumewe akamwonyesha moshi unaotoka ardhini. Watu walikuwa wakiishi ndani ya mashimo waliyochimba kwenye vilima, kwa kukosa mbao. Akalia.

Ninapenda sana kwamba kilio kile hakikufichwa. Kila mwaka lazima mtu akisimulie, na watu hucheka kwa namna ya watu wanaocheka habari ya bibi yao. Majira ya baridi ya mwanzo wangekufa njaa lau si Waosage, wenyeji wa Marekani waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni, waliowagawia nyama. Hapo huwa nawaza, na mzee mmoja aliwahi kulisema mwenyewe bila kuulizwa, kwamba ekari zile 160 zilipatikana kwa sababu kuna watu wengine walikuwa wameshafukuzwa juu yake. Alilisema, akanyamaza kidogo, akaendelea na habari za reli.

Reli ndiyo iliyowamaliza. Kufikia miaka ya 1880 kijiji kilikuwa na maduka, magazeti mawili, mahoteli, na mtu wao Edward McCabe alikuwa amechaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, mtu mweusi wa kwanza kushika cheo cha ngazi hiyo pale. Wakapiga kura kuahidi fedha ili treni ipite kwao. Haikupita. Mwaka 1888 reli ikawekwa upande wa pili wa mto Solomon, na wafanyabiashara wakafungasha wakaifuata. Wengine walibeba na majengo yao. Baadaye yakaja mavumbi na ukame wa miaka ya 1930, na vijana wakaenda mijini.

Sasa, sikukuu. Wenyewe huiita kurudi nyumbani, lakini wazee bado wanaikumbuka kwa jina la sherehe ya ukombozi, na imekuwapo tangu miaka ya mwanzo kabisa ya kijiji. Jumamosi kuna msafara: pikapu za zamani zilizopigwa rangi, trekta, farasi, wanaume waliovaa sare za buluu za askari weusi wapanda farasi wa karne ya 19, watoto wanaotupiwa peremende. Msafara unapita mbele ya watu ambao nusu yao ni jamaa za wanaopita, kwa hiyo kelele zake si za kushangilia wageni, ni za kuitana majina. "We! Umenenepa!" Kitu kama hicho. Jua ni la kuua. Upepo haukatiki, na unapuliza joto. Chini ya miti kuna viti vya kukunja, madeli ya barafu, mbavu za nguruwe zinazochomwa taratibu tangu alfajiri, maharage, mboga za majani zilizopikwa na nyama ya kukaushwa kwa moshi, ambazo mtu wa kwetu akizionja atauliza tu ugali uko wapi.

Jikoni ndipo nilipojifunza mengi. Kuna mjadala juu ya saladi ya viazi ambao nimeukuta, nitauacha, na nadhani ulianzia Kentucky. Mama anayesimamia haongei sana na mgeni mpaka amwone ameosha sufuria. Nilipoosha, akaniuliza swali ambalo pale huulizwa kila mtu: wewe ni wa nani? Hakuuliza jina langu wala kazi yangu. Anataka kujua unaingilia ukoo gani, kwa babu yupi, kwa bibi yupi. Nikamwambia si wa mtu, ni mgeni, nimetoka Tanzania. Akasema, "Tanzania napo lazima wewe ni wa mtu fulani."

Mchana, ukumbini, watu hupanga meza na kuweka picha. Kila ukoo na meza yake. Unakuta binti wa miaka kumi na mbili anakupeleka kidole kwa kidole: huyu alizaliwa mtumwa Kentucky, kwenye shamba la mtu fulani, huyu mwanawe alizaliwa hapa, ndani ya shimo, huyu alijenga kanisa, huyu alikwenda vitani Ulaya, huyu ni bibi, huyu ni mimi. Halafu anakimbia kwenda kutafuta soda. Wa kwanza kwenye orodha, aliyezaliwa mtumwa, anatajwa kwa sauti ileile ya wengine.

Hilo ndilo lililonikalia. Siku ya kwanza nililiona kama utamaduni wa Wamarekani wa kusema kila kitu. Baadaye nikaacha kulichukulia hivyo.

Mimi ni wa Bagamoyo. Yeyote aliyesoma shule ya msingi Tanzania anajua Bagamoyo ilikuwa nini: mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji, pembe za ndovu na watu, halafu Unguja. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Unguja mwaka 1868 wakafungua misheni, wakaweka pale kijiji cha watumwa waliokombolewa, wengi wakiwa watoto walionunuliwa sokoni ili waachiwe huru. Wakabatizwa, wakafundishwa useremala na kilimo, wakaozeshwa wao kwa wao. Wengine baadaye wakapelekwa bara kuanzisha misheni mpya, Mhonda na Morogoro. Kwa hiyo sisi nasi tulikuwa na kijiji cha walioachiwa huru, na chetu kilitangulia cha Kansas kwa karibu miaka tisa. Mombasa nako wana Freretown. Tofauti ni kwamba vyetu vilianzishwa na mapadre na wachungaji wa Ulaya, wakapanga wao nani aishi wapi na amwoe nani, wakati watu wa Nicodemus walilipa nauli yao, wakaja kwa ubishi wao, na waliolia walilia kwa uamuzi wao. Nadhani tofauti hiyo ina uzito, ingawa haielezi yote.

Maana nimekulia hatua chache kutoka misheni ile, nimecheza chini ya miembe yake, na sijawahi kusikia mtu wa Bagamoyo akisema: babu wa babu yangu alikuwa mtumwa. Waongoza watalii wanasimulia vizuri sana. Wanaonyesha minyororo, wanaonyesha jengo la misafara, wanaonyesha mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone Februari 1874. Lakini sikiliza masimulizi yao kwa makini: watumwa wote walipita. Walitoka bara, wakapita, wakaenda Unguja, wakapotelea huko. Hakuna aliyebaki, hakuna aliyezaa, hakuna mjukuu. Mji mzima ni wa watazamaji.

Sababu yake tunaijua, hatuhitaji mtaalamu. Kwetu pwani, mtu asiyejulikana kwao amekatwa miguu. Hapewi mke kwa urahisi, kwenye mirathi atauliziwa, na ukigombana naye neno la kwanza la kumrushia ni hilo. Aliyeachiwa huru alikuwa na kila sababu ya kujipachika kabila la jirani, kuchukua jina la mwenyeji wake, na kuwakataza wanawe wasiulize. Vizazi vitatu vinatosha. Kuficha kule kulikuwa ulinzi, na simlaumu mtu. Ninachosema ni kwamba ulinzi huo tunaendelea kuulipia wakati hatari yenyewe imepungua.

Kuna jambo jingine nililoling'amua ukumbini. Sherehe yao hapo mwanzo haikuwekwa kwenye siku ya ukombozi wa Marekani. Waliiweka tarehe 1 Agosti, siku ambayo sheria ya Uingereza ya kukomesha utumwa ilianza kutumika Jamaika na visiwa vingine vya Karibi, mwaka 1834. Watu weusi huru wa Marekani, mpinga utumwa Frederick Douglass akiwa mmoja wao, walikuwa wakiiadhimisha siku hiyo wakati ndugu zao wa Kusini wangali kwenye utumwa. Waliazima uhuru wa wengine wakausherehekea mpaka wao ufike. (Na, kwa mkulima wa ngano, Agosti mosi mavuno yameshaingia ghalani. Sikukuu isiyopatana na shamba haidumu.) Waingereza haohao walipofika kwetu hawakuwa na haraka: Unguja amri ilitoka 1897, Kenya 1907, na Tanganyika tukasubiri mpaka 1922. Mwaka 1922 si zamani. Bibi yangu alikuwa ameshazaliwa. Na hakuna hata moja ya tarehe hizo ambayo sisi tunapumzika kazini, achilia mbali kupiga ngoma.

Jioni ya Jumamosi kuna maonyesho. Mama mmoja wa ukoo anavaa gauni refu na kofia ya kitambaa, anapanda mbele na kuzungumza kana kwamba yeye ndiye bibi mkuu aliyeshuka Ellis. Vijana wanaimba. Mtu anasoma shairi lake. Kwa ufundi niseme ukweli: vijana wa chuo cha sanaa cha TaSUBa pale Bagamoyo wangewafunika kabla taa hazijazimwa. Nimekua nikihudhuria tamasha letu la sanaa, nimeona ngoma, sarakasi na tamthilia za kiwango ambacho Nicodemus haitakiona. Lakini kwetu jukwaani wapo waliosomea, na chini tuko sisi tunaotazama. Pale Nicodemus yule mama aliposahau maneno, mzee mmoja kwenye safu ya tatu alimkumbusha, kwa sababu hadithi ni ya kwake pia. Sijui kama hilo linafaa kuitwa sanaa bora. Linafaa kuitwa kitu kingine ambacho tamasha la kulipia kiingilio haliwezi kukitoa.

Na halitokei lenyewe. Kuna kamati, kuna michango, kuna orodha za simu ambazo mtu mmoja akifariki lazima mwingine azirithi. Wiki moja kabla, wachache waliopo hufyeka makaburi na kukodi vyoo vya kubebeka. Mwenzangu hutumia likizo yake yote ya mwaka kwa jambo hili, hajawahi kwenda Florida. Kuna mwaka alinionyesha daftari la michango nikacheka mpaka machozi, maana lilikuwa sawasawa na la msiba wa kwetu: jina, ahadi, alicholeta, na mstari mwekundu chini ya wale ambao ahadi zao ni za miaka miwili iliyopita.

Jumapili ni ibada, halafu magari yanaanza kuondoka, na kufikia saa kumi jioni unaweza kulala katikati ya barabara. Nikirudi huwa napitia Lucas, mji mwingine mdogo kaskazini ya I-70, ambako S. P. Dinsmoor, askari mzee wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alianza mwaka 1907 akiwa na miaka zaidi ya sitini kuijaza bustani yake masanamu ya saruji: Adamu, Hawa, nyoka, na juu yao mabepari na wanasheria wakimsulubisha mfanyakazi. Mwenyewe amelazwa hapohapo, ndani ya jeneza lenye kioo juu. Ukilipa kiingilio unamwona. Watoto hupenda. Mimi nilimwona mara moja ikatosha, siku hizi nasimama kununua soseji tu.

Mwaka jana, nikiwa njiani kurudi, nilimpigia simu shangazi yangu Bagamoyo. Tulisalimiana, tukamaliza habari za mvua na za mguu wake, nikamuuliza.

"Shangazi, sisi ni wa nani?"

"Wewe umeanza kuumwa? Sisi Wazaramo."

"Wazaramo Wakatoliki, tunaokaa misheni tangu enzi za Mjerumani, ukoo wetu una jina la ubatizo?"

Akanyamaza. Nilidhani mtandao umekata. Kisha akaniambia ana uji jikoni, atanipigia.

Alipiga baada ya siku kadhaa, saa ambayo kule ni usiku na hakuna mtu sebuleni. Alinitajia jina la mwanamke, bibi yake mzaa baba, na mahali alikosema aliletwa kutoka, karibu na Ziwa Nyasa, akiwa mtoto asiyejua kuhesabu umri wake. Alijua pia nani alimfundisha kushona na ameolewa na nani, na kwamba mpaka anakufa hakupenda kulala chumba kilichofungwa mlango. Yote hayo alikuwa nayo kichwani miaka yote hii. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema hakuna aliyeuliza.

Niliandika kila kitu kwenye daftari. Shangazi akanisikiliza nikimsomea, akanisahihisha jina la kijiji, akaniruhusu kulitunza, akanipa sharti moja: nisiliweke kwenye grupu la WhatsApp la ukoo mpaka yule mjukuu wake wa kike amalize kuolewa mwezi wa kumi na mbili.